Diski iko mu kabati, lakini ile ya ku telefone ni ya nani?

Tarehe 2 mwezi wa 4 mwaka 2024, watu wengi mu Marekani walikuta kabati yao ya filme iko tupu. Hakuna mwizi mwenye alivunja mulango. Ni kampuni Funimation, yenye ilikuwa inauzisha filme za kuchora za Japani, zile watoto wetu wanaitaga "manga", njo ilifunga programu yake na site yake ya intaneti. Kwa miaka mingi Funimation ilikuwa inauzisha diski ndani ya visanduku vizuri, na mu visanduku vingi kulikuwa karatasi yenye kodi. Unaandika ile kodi ku ordinatere, na filme yenye umelipia inaingia pia mu kabati yako ya ku intaneti. Unaiangalia popote uko. Wateja walikuwa wameambiwa kama ile kopi ni yao milele, na masharti fulani.

Ile siku masharti yakajulikana. Wateja walihamishwa ku Crunchyroll, huduma ya ndugu yake, lakini kopi zao hazikuhamishwa nao. Baadaye mukubwa wa Crunchyroll alisema kama wateja wenye wataomba watapewa kitu chenye kulingana na kile walipoteza. Ni vizuri. Lakini tuangalie namna alisema: wenye wataomba. Na kitu kingine, si kile walinunua.

Wale walitupa diski juu walikuwa na kodi, walilia. Wale waliweka diski mu kabati ya mbao, waliendelea kuangalia filme yao kama jana.

Musomaji wa Kolwezi ao wa Likasi atatuuliza: sasa habari ya filme za watoto, tena za Japani, inaingia wapi mu gazeti wakati sisi tunangojea kusikia bei ya kobalti? Tunaomba uvumilivu kidogo. Kobalti itafika.

Filme yenye kupima watu

Tuchukue filme moja, Psycho-Pass, juu hadisi yake na hadisi ya diski zake zinaenda pamoja. Ilianza kupita ku Fuji TV mu Japani mwezi wa 10 mwaka 2012, usiku sana, saa zile wanapitishaga filme za wakubwa. Sehemu 22, mupaka mwezi wa 3 mwaka 2013. Muandishi ni Gen Urobuchi, mwenye kuongoza kazi ni Naoyoshi Shiotani, na studio ni Production I.G, ile ile ilifanya Ghost in the Shell. Si filme ya mutoto mudogo. Mama mwenye kuona michoro na kufikiri ni ya mutoto wa miaka sita, azime televizyo kwanza.

Tuko Tokyo, mwaka 2112. Polisi hangojei tena mutu afanye kosa. Kuko mashini kubwa yenye inaitwa Sibyl. Inapima roho ya kila mutu kupitia vyombo vyenye viko mu barabara, mu kazi, mu masomo, na inatoa namba. Namba ikiwa chini ya 100, bunduki ya polisi inakataa kufunguka. Ikifika 100, bunduki inafunguka kwa kukulegeza. Ikipita 300, inakuua. Polisi hachagui. Anaelekeza bunduki, mashini inasema namba, mambo yanaisha. Na mbele ya pale, Sibyl njo inasema kama utakuwa daktari ao mufagiaji, kama utaoa ao hapana.

Sehemu ya kwanza inaonyesha shida yote. Mwanamuke ametekwa na muhalifu, ameteswa. Polisi wanafika kumuokoa. Lakini kwa sababu ya woga na maumivu, namba yake mwenyewe imepanda. Sasa bunduki inasema auawe yeye, mwenye kuteswa. Inspekta mupya, binti anaitwa Akane Tsunemori, njo anazuia. Upande mwingine kuko mutu anaitwa Makishima. Huyu anaweza kuua mbele ya macho yako, na mashini inaonyesha namba ndogo, safi kabisa. Chenye kiko ndani ya Sibyl hatutasema hapa. Kuko watoto bado hawajaona.

Tunajua fasi watu wetu watacheka cheko mubaya wakiangalia. Muchimbaji wa mukono, creuseur, anafika ku depo na mifuko yake. Mununuzi anachota kidogo, anaweka mbele ya kamashini kake kadogo, kamashini kanasema teneur: moja na nusu, mbili, tatu. Ile namba njo inapanga kama mutoto atarudi ku masomo. Muchimbaji hawezi kufungua mashini. Hawezi kupima pembeni na mashini yake, juu hana. Akisema "mzee, hii mawe ni ya tano, tunajua ile shimo", anaambiwa: mashini haidanganyi. Miaka mingi watu wanalalamika juu ya hii, na pale fasi walipewa mashini nyingine ya kulinganisha, mazungumuzo yalibadilika. Urobuchi hakuwaza Kolwezi wakati aliandika. Lakini mutu wa Kolwezi anaelewa ile filme haraka kuliko mutu wa Paris.

Diski ilikuwa mushahara

Mu Japani, filme kama hizi mara nyingi hazikulipwa na televizyo peke yake. Kampuni mbalimbali zinaungana, kila moja inaweka feza, wanafanya komite. Saa ya usiku ku televizyo, mara nyingi ni komite njo inailipia, kama vile mutu analipia tangazo. Feza zilikuwa zinarudi kupitia diski. Psycho-Pass ilitoka ku DVD na Blu-ray kwa volimu 8, kuanza mwezi wa 12 mwaka 2012 mupaka mwezi wa 7 mwaka 2013, na Toho njo iliuzisha. Sehemu 22 kwa volimu 8: hesabu mwenyewe, ni sehemu mbili ao tatu ku diski moja. Na ile nyakati diski moja kama hiyo mu Japani ilikuwa inauzishwa kwa yeni elfu sita mupaka elfu nane. Mutu mwenye kutaka filme yote alilipa feza ya kununua kinga.

Juu ya nini mutu alipe vile, na filme ilipita bure ku televizyo? Juu diski haikuwa kitu kile kile. Sehemu ya 18 ilipita ku televizyo na michoro mibaya, nyuso zimepinda, kazi ya haraka. Shiotani aliomba musamaha mbele ya watu na akasema itarekebishwa ku diski. Mwenye kununua diski alipata filme yenye kumalizika. Mwenye kuangalia bure alipata rasimu.

Na mu mwaka 2014, Fuji TV ilikuwa inapitisha tena ile filme mu namna mupya. Pale pale kukatokea mauaji ya kuogopesha ya mwanafunzi mu muji wa Sasebo, na televizyo ikaruka sehemu moja, wakaogopa kuumiza watu. Hatuwezi kuwalaumu, familia ilikuwa mu kilio. Mwaka wenye ulifuata, mwezi wa 6, wizara ya utamaduni ya China ilitoa orodha ya filme za kuchora 38 zenye zilikatazwa ku intaneti. Psycho-Pass ilikuwa ndani, pamoja na Death Note na Attack on Titan. Ukurasa wa intaneti unafungwa kwa dakika moja, na watu milioni wanapoteza kwa mara moja. Kupita nyumba kwa nyumba kukusanya diski, ile ni kazi ya jeshi.

Kuko jambo moja mu filme yenyewe lenye linatuchekesha. Makishima, ule muuaji, anapenda vitabu vya karatasi. Mu sehemu ya 15 anakemea rafiki yake, fundi wa ordinatere, kama kitabu cha ku ekran hakina roho, heri ashike cha karatasi mukononi. Waandishi waliweka ile maneno mu kinywa cha mutu mubaya. Lakini mu inchi fasi mashini moja inajua kila kitu unafungua, karatasi haisemi kwa nani umeisoma.

Kanda ya 5

Sasa tuje kwetu. Wakati walitengeneza DVD, makampuni ya filme yaligawanya dunia mu vipande. Japani na Ulaya ni kanda ya 2. Marekani ni kanda ya 1. Kongo, pamoja na karibu Afrika yote, ni kanda ya 5. Mashini ya kanda moja inafanywa ikatae diski ya kanda nyingine. Psycho-Pass ilitoka kwa Kifaransa, kampuni Kazé iliiuzisha kule Ufaransa, lugha tunaielewa. Lakini ile DVD ni ya kanda ya 2. Mutu wa Lubumbashi mwenye kutaka kulipa sawasawa, kwa mujomba yake mwenye kutoka Brussels, alikuwa analeta diski yenye mashini ya kanda yake inaweza kukataa. Ku Blu-ray walitubadilishia, Afrika na Ulaya tuko pamoja mu kanda B. Lakini mu nyumba ngapi za cité kuko mashini ya Blu-ray?

Njo maana watu wetu walifanya namna walifanya. Mashini za DVD za bei ya chini zenye hazijali kanda, diski za kopi mu nylon, filme kumi ku diski moja, picha imefifia na kichwa cha mutu mwenye alisimama mu sinema kinapita. Kisha ikaja flash. Leo kijana anakaa na ordinatere chini ya parasoli, unamuletea flash, anakujazia "manga" kwa franga kidogo. Hatusifu wizi. Mwenye kuchora mule Tokyo anakula kwa ile kazi, na mishahara ya wachoraji wadogo kule si ya kutamani. Lakini tuseme ukweli: duka la kanda ya 5 halikufunguliwa. Watu walikatazwa kununua, kisha wakaitwa wezi.

Leo wanatuambia shida imeisha, kuko huduma za ku telefone, kila mwezi unalipa, unaangalia. Inaomba karata ya banki. Inaomba megabayti, na baba mwenye kulipwa kwa siku anajua bei ya megabayti kama bei ya unga. Na ukiisha kulipa mwaka muzima, mwezi wenye hulipi hubaki na kitu, hata sehemu moja. Zaidi ya ile, filme moja inaweza kukatwa vipande mu huduma mbalimbali: msimu wa tatu wa Psycho-Pass, wa mwaka 2019, inje ya Japani ulikuwa paka kwa Amazon, na misimu ya mbele ilikuwa kwingine. Unalipa milango miwili kwa nyumba moja.

Jina moja, mikono mingi

Nani ana Funimation? Sony iliinunua mu mwaka 2017. Nani ana Crunchyroll? Sony, tangu mwezi wa 8 mwaka 2021, kwa dola bilioni moja na milioni 175. Kule Ufaransa, Kazé nayo iliingia ndani ya Crunchyroll, na jina Kazé likaondolewa. Duka la zamani la diski mu Marekani, Right Stuf, lilinunuliwa na Crunchyroll mu mwaka 2022, likafungwa mwaka wenye ulifuata. Sony pia ni kati ya wale walizaa Blu-ray. Mwezi wa 2 mwaka 2025 iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray, zile za kurekodi mwenyewe. Diski za filme zingali zinatengenezwa. Lakini mwenye ana mulango wa diski na mulango wa telefone, anachagua ni mulango gani ataupaka rangi na ni gani ataachia kutu.

Na hapa tunafika chini ya udongo yetu. Mwezi wa 3 mwaka 2000, Sony ilitoa PlayStation 2 mu Japani. Watu wengi waliinunua hata kama hawachezi, juu ilikuwa inasoma DVD. Ile mwaka, bei ya tantalum, yenye inatoka mu koltani, ilipanda kama moshi. Watu wa Kivu waliacha mashamba na ngombe, wakaingia mu mashimo, na wenye silaha wakaja nyuma yao. Mu mwaka 2001 bei ilianguka. Wengine wanapenda kusema PlayStation 2 njo ilileta ile yote. Ile si sawa. Telefone zilikuwa zinaongezeka haraka, na wanunuzi walikuwa wanaficha madini wakingojea bei. Lakini ile mashini ilikuwa ndani ya hesabu, na filme za kwanza watu wengi wa Japani waliangalia ku DVD, waliziangalia kupitia mawe yetu.

Diski yenyewe haiombi kitu kwetu: plastiki na ngozi nyembamba ya aluminiamu. Telefone njo inaomba. Bateri yake mara nyingi iko na kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, zaidi Lualaba na Haut-Katanga. Basi wakati dunia ilitoka ku diski ikaenda ku telefone, filme ilikaribia shimo letu zaidi, si mbali. Mutu wa Kolwezi anachimba chenye kinaangaza ekran ya mutoto wa Osaka. Mutoto wake mwenyewe anaambiwa alete karata ya banki.

Kuko mwenye atasema diski nayo inakufa. Ni kweli. Vumbi ya musimu wa kiangazi, watoto wanaisugua chini, na siku moja mashini ya kuisoma haitapatikana. Samsung iliacha kutoa mashini mupya za Blu-ray mu Marekani tangu 2019. Lakini ile kifo unaiona. Unashika diski, unaona mukwaruzo, unajua nani aliikwaruza na unamupigia kelele. Kopi ya Funimation ilikufa pasipo mutu kuigusa. Ni tofauti ya mutu mwenye nyumba yake ina ufa, na mutu mwenye anaambiwa kwa barua kama nyumba haikuwa yake.

Familia za wafanyakazi wa migodi hatuna haja ya kufundishwa ile tofauti. Wazee wetu walikaa mu nyumba za kampuni, wakapanda miembe, wakazaa ndani. Siku ya pansheni wakauliza: karatasi iko wapi? Wenye waliuliza mapema walibakia. Wengine walifunga mizigo.

Mu California, bunge liliuliza lile swali kwa ajili ya filme na michezo ya ku intaneti. Mwezi wa 9 mwaka 2024 gavana alitia sahihi sheria yenye inaitwa AB 2426, na imeanza kazi tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2025. Haikatazi kampuni kuondoa filme. Inasema tu kama duka haliwezi kuandika "nunua" pasipo kumujulisha muteja waziwazi kama anapewa ruhusa tu, na ruhusa inaweza kuondolewa. Ni kidogo. Mwaka mumoja mbele, Sony ilikuwa imetangazia watu wenye PlayStation kama filme za Discovery zenye walilipia zitaondolewa. Watu wakapiga kelele, na kabla ya mwezi kuisha kampuni ikarudi nyuma. Ile mara kelele ilifaa. Kwa Funimation haikufaa.

Sisi mu nyumba zetu tunafanya hivi, na kila mutu ataona yake. Filme yenye watoto wanapenda kweli, ile wanarudilia mupaka wanajua maneno, tukipata mutu wa kutuletea diski kutoka Ulaya, tunamupa feza aje na Blu-ray ya kanda B ao tunauliza kwanza kama mashini yetu inakubali kanda ya 2. Zile za kupita tu, telefone inatosha. Na mutoto wa miaka kumi na tano akitaka kuona Psycho-Pass, mukae naye. Atauliza juu ya nini bunduki ilielekezwa kwa yule mwanamuke mwenye aliteswa. Baba mwenye amesimama mbele ya mashini ya depo atakuwa na cha kumujibu.

California ni mbali. Kwetu, ku ekran ya telefone, pale chini ya picha ya filme, kifungo kingali kimeandikwa neno moja tu: Acheter.